Barua ya Kwenda Kamachumu

Siku ya kwanza, Mwanza hadi Chato

Tumeondoka Nyakato kabla jua halijachomoza kwa sababu Baba hahimili joto. Jana jioni Kaka aling'oa viti vya kati vya Noah yake, akatandika godoro la futi mbili na nusu, akalifunga kwa mipira ya baiskeli lisiteleze kwenye kona. Kwenye mkoba wangu kuna chupa mbili za mofini ya maji, bomba la kupimia, pampasi za watu wazima na chupa ya chai iliyojaa uji. Simu nimeitega ilie kila baada ya saa 4, usiku na mchana, maana dawa hiyo ukiichelewesha maumivu yanarudi yote kwa pamoja. Saratani ya tezi dume iligundulika ikiwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Daktari alituketisha akatueleza bila kutuzungusha kwamba kilichobaki ni kumtuliza.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nipelekeni Kaboya."

Kaboya iko wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Ndiko walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Tumekua tukijua kwamba Baba alikwenda vitani akiwa mgambo na kwamba rafiki yake hakurudi. Zaidi ya hapo hatukujua, na naona aibu kuandika kwamba hatukuwahi kuuliza.

Kitindamimba wetu yuko Dar es Salaam na safari hii ameipinga tangu mwanzo. "Mnakwenda kumuua njiani," ananiambia kwenye simu. Nimemjibu kwamba Baba ndiye aliyeomba. Kaka yeye hakubishana na mtu. Alikagua matairi, akajaza mafuta, akamwuliza Baba anapenda kichwa kielekee mbele au nyuma.

Kigongo tumefika kunapambazuka. Daraja hili jipya la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na Baba alikuwa hajalivuka. Kaka alipunguza mwendo, mimi nikamwinua kichwa. Akatazama ziwa kushoto, akatazama kulia, akasema, "Tungekuwa nalo wakati ule." Wao walipelekwa Bukoba kwa meli.

Sengerema tumepita. Geita tumepita. Katikati ya Geita na Katoro dawa ilipomkolea vizuri alianza kusimulia, na nimejitahidi kuyaandika kama alivyoyasema.

Walikuwa vijana wawili kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, Mwanza. Baba ni Msukuma, mwenzake Mhaya wa Kamachumu, mrefu, anabeba robota la pamba huku anapiga mluzi. Walipanga chumba kimoja na kulala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwingine kule. Tarehe 2 Novemba 1978 walisimama dirishani kwa jirani mwenye redio wakamsikiliza Mwalimu Nyerere akisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Siku ya tatu walikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha, mmoja nyuma ya mwingine. Mgambo wapatao 40,000 waliingizwa katika vita vile, na wengi wao, anasema Baba, walikuwa hawajawahi kushika bunduki isipokuwa ya mbao.

"Alikufa wapi, Baba?" Kaka aliuliza bila kugeuza macho barabarani.

"Mutukula tulikuwa tumeshaichukua. Masaka bado. Februari. Lori la mbele likakanyaga bomu la ardhini. Mimi nilikuwa lori la pili."

Akafumba macho. Kaka akazima redio ya gari ingawa ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini sana.

Usiku, nyumba ya wageni Chato. Kaka amelala chumba cha pili. Dawa ya saa nne usiku nimempa. Nilipotaka kuzima taa Baba akaniambia nifungue mfuko wake wa nguo, chini kabisa, nitoe kopo. Ni kopo la kahawa la bati, lina kutu kwenye ukingo, na nimeliona kwenye kabati lake tangu utoto wangu nikiamini lina misumari. Ndani yake kuna karatasi moja ya daftari la mistari, imekunjwa mara tatu, na kila mkunjo umechakaa hadi unapitisha mwanga. Wino wa bluu umekuwa rangi ya kahawia.

"Macho yangu hayawezi tena," alisema. "Nisomee. Polepole."

Nikasoma.

"Kyaka, Januari 1979. Mama mpenzi, shikamoo. Mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu nyumbani. Ama baada ya salamu, nina jambo ambalo nilikuficha. Mwanza nimemwacha binti na ana mimba yangu ya miezi minne. Kwao sijapeleka mtu wala mahari sijatoa. Nikichelewa kurudi mfuateni, msimwache peke yake. Akizaa mtoto wa kiume apewe jina la babu. Mwambieni kile kitenge nilichomwahidi sijakisahau. Baiskeli yangu msiiuze. Ndimi mwanao."

Chini yake kuna jina la binti na mtaa. Jina ni la Mama yetu.

Kaka amezaliwa Juni 1979. Nilihesabu miezi kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili, nikahesabu tena, huku najua kwamba sina haja ya kuhesabu.

"Alinipa niipeleke kwao kwa mkono wangu," Baba alisema. "Tuliahidiana hivyo. Mmoja akibaki apeleke ya mwenzake. Yangu mimi alikuwa nayo yeye mfukoni, ililipuka naye."

"Kwa nini hukuipeleka?"

Alikaa kimya kiasi kwamba nikadhani amelala. Kisha akanieleza. Alirudi Mwanza mwishoni mwa 1979 akamkuta Mama ana mtoto mchanga, kwao wamemfukuza, anaishi kwa mwanamke muuza dagaa. Akaanza kumpelekea unga. Baadaye akapeleka barua ya posa. Walifunga ndoa 1980, na sisi siku zote tuliambiwa ndoa ilichelewa kwa ajili ya vita, jambo ambalo kwa namna yake halikuwa uongo. Baada ya harusi akapanda gari kwenda Muleba na barua mfukoni. Alifika. Aliulizia nyumba, akaoneshwa kijia, akasimama penye mpaka wa shamba.

"Asubuhi ile, wakati natoka nyumbani, mtoto aliniita baba. Ndiyo mara ya kwanza. Nikasimama pale nikawaza, hawa wakiisoma barua hii watakuja kumchukua mtoto wao. Na haki wanayo. Mtoto ni wa ukoo. Nikageuka, ng'wanawane, mwanangu."

"Mama alijua?"

"Kwamba mtoto ni wa nani, alijua. Barua hakuijua. Aliniuliza mara nyingi, hivi hakuacha neno lolote? Nikamwambia hakuacha."

Mama alifariki 2011. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua ielekee wapi, maana aliyenikosea yuko ndani anashindwa hata kujigeuza ubavu. Niliwaza kitenge. Mama alikuwa mtu wa vitenge, na kumbe kipo kimoja alichoahidiwa akakifikiria miaka 32 bila kujua kwamba mwenyewe hakukisahau.

Siku ya pili, Chato hadi Muleba

Baba ameniomba nisimwambie Kaka mpaka Kaboya. Nimekubali, na ni siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi.

Kaka amelala vizuri. Anapiga stori na walinzi wa geti, ananunua sato wa kukaanga Muganza, analalamika kwamba tukiingia Uhayani tutalishwa ndizi asubuhi, mchana na jioni, na yeye ndizi za kupika hazimpandi. Mimi nimekaa nyuma nimeshika mkono wa Baba, nayatazama masikio ya ndugu yangu kwa nyuma. Miaka 44 nimeyaona masikio hayo. Leo nayatazama kama ya mgeni, nami nimejichukia kwa hilo.

Baada ya Kyamyorwa udongo unazidi kuwa mwekundu na migomba inaanza kufunika nyumba. Barabara ni lami safi. Baba ameteseka zaidi leo, nyonga ya kushoto, na nimemwongezea dozi kama daktari alivyoniruhusu. Tumelala Muleba mjini. Kitindamimba amepiga tena simu akitaka kujua Baba amesema nini kuhusu nyumba ya Nyakato. Nimemwambia hajasema. "Kuna kitu mnanificha," amesema, na nimekata simu kwa sababu ni kweli.

Siku ya tatu, Kaboya

Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema kwa kuwa ni eneo la jeshi. Kijana wa getini alipomwona Baba kwenye godoro alinyoosha mgongo akampigia saluti. Baba alijaribu kuinua mkono. Uliishia kifuani.

Makaburi yako safu kwa safu, yamepangwa kijeshi, nyasi zimefyekwa, na kuna utulivu ambao unakufanya ushushe sauti hata kama hakuna aliyekwambia. Tulimsukuma Baba kwa kiti cha magurudumu mpaka penye kaburi. Jina silitaji humu, ni la watu na ukoo wao upo. Baba aliomba ashushwe chini. Kaka akamwinua kwa kwapani, mimi kwa miguu, tukamkalisha kwenye kanga yangu.

Akaweka kiganja juu ya saruji, akazungumza Kisukuma muda mrefu. Nilishika maneno machache tu. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa kopo, naye akampa Kaka.

"Soma. Halafu uniulize chochote."

Kaka aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, nilimwona macho yakirudi juu. Akaikunja kwenye mikunjo ileile, akairudisha ndani ya kopo, akabonyeza kifuniko mpaka kikalia. Akatembea mpaka mwisho wa safu. Nilitaka kumfuata, Baba akasema, "Mwache."

Aliporudi, dakika 20 au zaidi, aliinama akamfunga Baba kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea.

"Dawa yake saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa nane."

"Imeshafika saa nane na robo."

Hakuuliza kingine. Lakini ndani ya gari, Baba alipoomba maji, alinigeukia mimi akasema, "Mpe Mzee maji." Watu wengi humwita baba yao Mzee, si jambo. Kaka hajawahi. Ana miaka 46, ana wajukuu wawili, na mpaka jana alikuwa akisema Baba vilevile kama alivyosema siku ile ya 1980.

Usiku hakulala chumbani. Alikaa kwenye gari, taa ya ndani inawaka. Saa nane za usiku, baada ya kumpa Baba dawa, nilimpelekea chai. "Nimekuwa nikijaza fomu miaka yote hii," alisema. "Jina la baba, kabila, mahali alipozaliwa baba. Shuleni, kazini, kitambulisho cha taifa. Zote." Baadaye akasema, "Angeniambia nikiwa na miaka 20 ningempenda vilevile. Alidhani mimi ni mtu wa namna gani?" Sikuwa na jibu.

Siku ya nne, Kamachumu

Asubuhi Kaka alikuwa ameshaosha gari. "Tunakwenda," alisema. "Barua ina mwenyewe."

Barabara inapanda mpaka juu kwenye uwanda wa Kamachumu, hewa inakuwa baridi, mawe makubwa yanachomoza kwenye majani, na kila nyumba imezama ndani ya kibanja chake, migomba juu, mibuni chini, maharage chini zaidi. Mwenyekiti wa kijiji alipotajiwa ukoo hakuuliza mara mbili. Akapanda gari akatuonesha. Baba alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye mto. Tulipofika penye kijia alisema, "Hapa. Mlamula huu huu."

Mlamula ni ule mmea wa majani marefu ambao Wahaya huupanda mpakani. Ulikuwa umekuwa kichaka.

Aliyetoka ndani ni mwanamke wa miaka 60 hivi, kanga kiunoni, mikono ina utomvu wa ndizi. Ni dada mdogo wa marehemu. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba kuna wageni kutoka Mwanza, lakini yeye alikuwa ameshamwona Kaka akishuka upande wa dereva.

"Mawe!" alisema, yaani mama yangu kwa Kihaya, akajishika mdomo kwa ule mkono wenye utomvu.

Kaka alimwendea. "Shikamoo." Akampa kopo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kutangulia, yote yakapotea. Shangazi, nitamwita hivyo kwa kuwa ndivyo alivyotuagiza tumwite kabla ya jua kuzama, alifuta mikono kwenye kanga, akasoma amesimama kama Kaka alivyosoma jana. Alipofika chini akaketi palepale mlangoni. Alilia bila sauti na sisi wote tukasimama kwenye jua kama watu waliokuja kudai deni.

Ndani sakafu imetandazwa nyasi kavu, harufu yake tamu. Ukuta wa nyuma una ufa mrefu ulioachwa na tetemeko la 10 Septemba 2016, umezibwa kwa saruji ya rangi nyingine. Baba tulimlaza kwenye godoro lake karibu na mlango. Alisema yote mwenyewe, kwa Kiswahili, sauti ikikatika. Hakujitetea. Alipofika pale aliposimama penye mlamula mwaka 1980, Shangazi alimkatiza.

"Ulivaa nini?"

Baba hakuelewa.

"Siku hiyo. Ulivaa nini?"

"Koti lake. La jeshi. Nilirudi nalo."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, muda mrefu. Kisha akatuambia. Yeye alikuwa mtoto wa darasa la nne, yuko uani anamenya ndizi. Aliona mtu amesimama mpakani, koti la kijeshi. Akakimbia shambani kumwita mama yake. Walipotoka mtu hayupo. Serikali ilikuwa imeshawaletea taarifa ya kifo, watu wameshalia matanga. Lakini kuanzia siku ile mama yake alikataa. Alisema mwanangu amekuja, ameona aibu kuingia kwa sababu alichelewa. Hakufunga mlango kwa komeo tena. Kila mlo alitenga sahani. Kaboya, ambako jirani zake walikwenda kuwaombea watoto wao, hakukanyaga mpaka anazikwa mwaka 2003.

"Miaka 23," Shangazi alisema, "kwa sababu ya koti."

Sijawahi kumwona Baba akilia kabla ya leo. Maumivu ya mifupa hayajawahi kumliza.

Hapo nikaelewa kitu ambacho kule Chato sikukielewa. Nilidhani Baba ameficha barua. Kumbe alimnyima mama wa watu kifo cha mwanawe, akamnyima na mjukuu, siku moja, kwa kugeuka tu. Na alifanya hivyo kwa kumpenda Kaka. Ukiniuliza kama ningetaka aingie ndani siku ile, nitakwambia ndiyo. Ukiniuliza kama ningekubali kukua bila Kaka, siwezi kusema ndiyo. Nimeyageuza usiku kucha na bado yako vilevile.

Alasiri Shangazi alileta kahawa ya kutafuna. Kwa Wahaya mgeni hakai bila kupewa: buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, nyeusi, zinanukia, zimewekwa kwenye kikapu kidogo cha kusukwa. Alimpa Kaka kwanza. Akanipa mimi. Akampa mwenyekiti. Kikapu kilifika penye godoro la Baba, kikavuka, kikarudi mezani. Hakuna aliyesema neno. Baba alikuwa anakitazama. Aliwahi kuniambia njiani kwamba rafiki yake ndiye aliyemfundisha kahawa hiyo, na kwamba wazee wa Kihaya walipotaka kuchanjiana udugu walitumia punje mbili za tunda moja, maana zimelala tumbo moja.

Baadaye Shangazi alimwita Kaka uani. Nilisikia ngazi ikiburuzwa. Walishusha baiskeli kutoka kwenye kenchi za jiko, Phoenix nyeusi, imefungwa magunia, minyororo imepakwa grisi iliyokauka ikawa kama lami. Kila mwaka waliipaka. Tandiko lilikuwa limeliwa na panya, lakini kengele, Kaka alipoisukuma kwa kidole gumba, ililia.

Jioni tulikula ndizi na maharage. Kaka alimaliza sahani akaongezewa. Shangazi alimweleza habari za shamba: migomba mingapi ilikufa kwa mnyauko, mibuni ipi ni ya zamani, mpaka uko wapi, nani alijaribu kuusogeza. Alimweleza kama mtu anayemkabidhi mwenzake zamu. Hakusema lolote kuhusu urithi. Kaka naye hakuuliza. Alichouliza ni kaburi la bibi, wakaenda wawili na tochi.

Kitindamimba alipiga saa tatu usiku. Safari hii nilimwambia yote. Alinyamaza, kisha akasema neno kuhusu damu na nyumba ya Nyakato ambalo sitaliandika, kwa sababu najua atalijutia. Nilimwambia, aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua akakupeleka hospitali kwa miguu ni yule yule. Akakata.

Siku ya tano, Bukoba

Baba amekuwa na usiku mbaya. Kurudi kwa gari hataweza, mashimo madogo tu yanampigisha kelele. Tumeamua arudi kwa meli, MV Victoria, alale kitandani mpaka Mwanza. Alitamani kuliona daraja la Kyaka, lile lililobomolewa na majeshi ya Amin Novemba 1978, lakini nguvu hazipo na hakulitaja tena.

Kaka anabaki. Atatuleta mpaka bandarini Bukoba kisha atarudi Kamachumu kwa siku chache. Hajasema ngapi.

Wakati wa kuaga Shangazi alisimama mbali kidogo na gari. Baba alisema kwa dirisha lililo wazi, "Sikuombi unisamehe. Nimekuja kuileta." Shangazi alijibu, "Umeileta." Halafu akaja upande wangu, akaniwekea mapajani kifurushi cha jani la mgomba lililokauka, kimefungwa kwa ugwe. "Ya njiani," alisema. Hakusema ni ya nani.

Kaka haipendi meli tangu MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza. Alikuwa mmoja wa vijana waliokaa ufukweni siku zile wakisubiri. Leo amefika mpaka penye ngazi akasita. Watu wanasukumana na mikungu ya ndizi, wapagazi wanapiga kelele, kiti cha magurudumu hakipiti. Akachuchumaa.

"Panda, Mzee."

Nilimweka Baba mgongoni kwake. Hana uzito tena, kilo 40 na kitu. Kaka alipanda naye ngazi kwa ngazi, mikono ya Baba imening'inia kifuani mwake, na Baba ameegemeza shavu kwenye lile sikio. Kitandani alimfunika, akanionesha swichi ya taa, akahesabu nami chupa za dawa, akashuka. Honi ilipolia alikuwa bado amesimama gatini.

Siku ya sita, ziwani

Saa kumi na mbili alfajiri simu ililia ya dawa. Baba alikuwa macho. Nilipompimia akasema harufu gani ile. Ni kifurushi. Nikafungua ugwe, nikachukua buni moja, nikaibana kwa meno ikapasuka. Ndani punje mbili, zimelaliana kwa upande ule bapa. Moja nikamwekea mdomoni. Hawezi kutafuna, aliishika shavuni tu, akifumba macho, koo likipanda na kushuka. Nyingine nilitafuna mimi. Ni chungu, kisha inakuwa si chungu.

Taa za Mwanza zilipoanza kuonekana simu ikashika mtandao, ujumbe wa Kaka ukaingia. Ulikuwa wa usiku.

"Nimefika salama. Mzee anaendeleaje? Shangazi anauliza."